Kanga ya Kuzibia Nozeli

Dizeli iliyochanganyika na vumbi la mahindi ina harufu yake, nzito na tamu kidogo, na nyumba yetu ya Buzebazeba, kando ya ziwa, ilinuka hivyo hadi kwenye mito ya kulalia. Nyuma ya jiko, chini ya bati, ilikuwepo mashine ya kusaga ya Baba. Ulikuwa msimu ambao watu walivuka ziwa wakikimbia vita, wakawa wanangoja kupelekwa kambini. Kila asubuhi wanawake walipanga mabeseni uani kwetu, wenyeji kwa wageni. Ndipo injini ikaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi. Baba alisema nozeli, zile pua zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zimechoka. Mafundi wa mjini walikuwa wamechukuliwa kutengeneza malori ya misaada, kwa hiyo akaamua kuzibadilisha mwenyewe pale pale nyumbani.

Mama hakumkataza. Alipiga marufuku ufagio tu. Uwanja haukufagiwa asubuhi ile, aibu kubwa kwetu. Alinyunyiza maji ili vumbi litulie, kisha akachana vipande kanga yake kuukuu ya maua mekundu. Kila tundu Baba alilofungua, Mama aliliziba kwa kipande, na midomo ya mipira ya mafuta vilevile. Alichana kanga moja tu kwa makusudi. Kazi ikiisha, vipande vingepangwa mkekani mpaka kanga irudi nzima, ijulikane kwamba hakuna kilichobaki ndani. Mchanga hukwaruza silinda, na kitambaa kikimezwa kinaweza kuua injini kabisa. Injini ile ndiyo iliyotulisha.

"Unaifunika kama bibi harusi," Baba akamtania.

"Bibi harusi hamwagiwi mchanga," Mama akajibu, na wanawake wa foleni wakacheka.

Baba alifunga nozeli mpya, akashika hendeli ya kuwashia. Mama alikuwa amepiga magoti mkekani, akipanga vipande. Pembe moja ya kanga haikuwepo.

"Baba Mwajuma, usizungushe," Mama akasema.

"Upepo umeichukua. Watu wana njaa hawa."

"Upepo gani? Hata jani la mpapai halitikisiki." Akainuka, akaliegemea gurudumu la injini.

Mama Odeta, mgeni kutoka Burundi ambaye beseni lake lilikuwa la kwanza, akasema polepole, "Fungua tu, Mzee. Njaa tumeizoea. Mashine ikifa, tutasaga wapi?"

Baba alifungua upya huku akinung'unika. Kitambaa hakikuwamo. Lakini kwenye tundu la pili aliona washa ya zamani, ile pete ya shaba ya kuzuia mvujo, bado imeng'ang'ania chini, naye alikuwa ameweka mpya juu yake. Nozeli isingekaa sawa. Moto ungevujia pembeni na kuharibu kichwa cha injini. Aliivuta kwa ndoano ya waya, akafunga tena.

Hendeli bado haikuguswa. Tulitafuta kila mahali, hadi nyuma ya jiko. Huko alikuwa Odeta, binti mdogo wa Mama Odeta, amembeba mtoto mgongoni: gunzi la mahindi, limefungwa kwa pembe ya kanga. Mama yake aliinua mkono ampige. Mama aliushika. Aliyatazama yale maua, akatazama nafasi iliyo wazi mkekani.

"Imetimia," alisema. "Zungusha."

Injini ikawaka, moshi mwembamba. Mama hakukichukua kile kipande. Odeta alipandishwa lori la kambini akiwa na mtoto wake mgongoni, na sikupata tena habari zake. Vile vingine Mama alivishona vikawa kanga tena, akaivaa jikoni kwa miaka.

Siku hizi mashine ya mtaani ni ya umeme, unabonyeza swichi tu. Haina harufu, na hakuna anayezuiwa kufagia. Mwaka huu tulimzika Mama. Baada ya arobaini tuligawana nguo zake, na mdogo wangu, ambaye wakati ule alikuwa hajazaliwa, aliitupa kanga ile kwenye rundo la matambara.

"Hii imeliwa na panya," alisema.

Nikaiokota, nikaikunja. Nilimwambia haikuliwa na kitu, ila pembe yake iko kwa mtu.