Jina la Buluu Chini ya Picha

Shuka za hoteli zote ni nyeupe. Mgeni akizitazama haoni tofauti, na hatarajiwi kuiona. Sisi wa chumba cha mashuka tunazitambua kwa uzi wa pindo. Kwetu uzi wa buluu ni kitanda kikubwa, wa kahawia ni cha kati, wa kijani ni cha mtu mmoja. Nimeishi na pindo hizo miaka mingi hapa Mankhool, Dubai, kwanza nikizikunja, sasa nikiwasimamia wanaozikunja. Naweza kusema bila majivuno kwamba nilianza kujifunza kusoma kadi za besiboli kabla sijaiona hata moja.

Ya kwanza niliiona dukani kwa mzee mmoja wa Kizanzibari, mtaa wa pili kutoka hotelini. Ameishi Dubai tangu utotoni, anauza stempu, sarafu na karatasi kuukuu, na Kiunguja chake hakijapata vumbi. Siku hiyo nilikuwa nimeingia kukwepa jua tu. Juu ya meza palikuwa na sanduku la kadi za sigara, zile picha ndogo ambazo zamani ziliwekwa ndani ya pakiti ili isipondeke, na ili mvutaji arudi kununua nyingine. Kulikuwa na ndege, bendera, meli, mabondia. Kati yao alisimama mwanamume mwenye kofia, gongo begani, nyuma yake anga la rangi ya machungwa.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Mmarekani. Anapiga mpira kwa gongo. Zaidi ya hapo usiniulize, bibie, mie mwenyewe nafunzwa na wateja."

Niliinunua kwa sababu iliniudhi. Sikupenda kuwa na kitu mkononi nisichojua ni cha kundi gani. Nikaanza kusoma, jioni baada ya jioni, kwa simu na kamusi, mpaka nikaelewa jinsi wenye kadi hizi wanavyozipanga.

Hawaanzi na mchezaji. Wanaanza na herufi. Mmarekani mmoja aliyependa kila aina ya karatasi ndogo iliyochapishwa alizigawa kwa herufi na namba, na wengine wakamfuata mpaka leo. N ni kadi za tumbaku za karne ya kumi na tisa. T ni tumbaku ya karne ya ishirini. E ni za peremende. Baada ya herufi huja namba ya seti: T205 ina kingo za dhahabu, T207 ina mandhari ya kahawia, na T206, iliyo maarufu kuliko zote, ina kingo nyeupe na jina la mchezaji chini ya picha kwa wino wa kahawia. Mgongoni pana tangazo la tumbaku, na kwa T206 peke yake chapa hizo ni kumi na sita. Picha ile ile inaweza kuwa na mgongo huu au ule. Kwa hiyo anayejua kazi hii huigeuza kadi kwanza, ndipo amtazame mchezaji.

Kisha T206 ina ndugu zake. Picha zile zile zilichapwa tena kwa chapa nyingine tatu za tumbaku, na kila moja ikapewa namba yake: T213, T214, T215. Mimi huzikumbuka kwa herufi za mwanzo za chapa zenyewe, kwa mfuatano huo: C, V na R. Zile zilizochapwa baadaye zina alama moja usoni: jina la mchezaji ni la buluu.

Nilitenga ukurasa mmoja wa albamu kwa ukoo huo, mifuko minne. Wa kwanza niliujaza mapema na T206 iliyochakaa pembe. C niliipata baada ya kuvumilia. V ni adimu kiasi kwamba niliuacha mfuko wake wazi bila uchungu. R ndiyo niliyoitaka, kwa sababu ilikuwa mbali lakini si mbali mno. Niliitafuta miaka, na kila ilipojitokeza ilikwenda kwa mwingine.

Ndipo likaja furushi la kadi mbovu ambalo mzee aliagizia duka lake kutoka ng'ambo. Moja ilikuwa imebanduliwa kwenye albamu ya zamani kwa nguvu, na karatasi nyeusi ya albamu ilikuwa imeganda mgongo mzima. Muuzaji wa huko alikuwa ameiandika T206. Niliitazama usoni, nikaipeleka mlangoni penye mwanga.

"Mzee wangu, jina hili ni la buluu."

"Jua limelichoma."

"Jua hufifisha. Halibadilishi kahawia ikawa buluu. Lingekuwa na uwezo huo, shuka zangu zote zingekuwa za vitanda vikubwa."

Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Akaishika kadi kwa kibano, akaisogeza karibu na jicho. "Haya. Buluu. Lakini ya nani? C, V au R? Uso hausemi, bibie. Na C ndizo zilojaa. Utaitia maji uibandue hiyo karatasi, upate C ya pili, tena iliyorowa."

"Au R."

"Au uji."

Hakuwa akinitisha bure. Kadi ikiingia majini hakuna kuirudisha ilivyokuwa, na yeye aliwahi kuona nyingine ikigawanyika tabaka mbili kama chapati. Niliinunua, nikaiweka kwenye bahasha peke yake, kwa kuwa haikuwa na ukurasa wa kukaa. Miezi ikapita. Nilikuwa nikiitoa, natazama lile jina la buluu, nairudisha. Kama nisingethubutu, ingebaki milele kadi isiyo na kwao. Kama ningethubutu na kukosea, ningekuwa nimeharibu kwa mikono yangu kitu nilichokitafuta muda wote huo, na nisijue hata kama ndicho.

Kilichonipa moyo ni gundi. Niligusa pembe moja ya karatasi nyeusi kwa pamba yenye unyevu, nikasubiri, nikagusa kwa kidole. Iliteleza. Nikaongeza tone la iodini kwenye pamba ile, mbali na kadi, ikageuka zambarau iliyokolea. Ilikuwa gundi ya unga, yaani wanga, na wanga nimepambana nao kwenye vitambaa vya meza maisha yangu yote ya kazi. Unataka maji vuguvugu na subira. Ukisugua umeharibu.

Nikachagua siku yangu ya mapumziko, asubuhi. Maji ya bomba kiangazi hutoka moto kama ya chai, na yana chumvi zake, kwa hiyo nilitumia maji safi ya chupa yale yanayotiwa kwenye pasi za mvuke. Nikayapasha kidogo, nikayamimina kwenye bakuli la kioo, nikaitandaza kadi juu ya kipande cha chandarua ili niweze kuinyanyua bila kuishika.

Mwenzangu ninayeishi naye, Mganda, mlinzi wa jengo la maduka, alikuwa akimenya ndizi jikoni. Akachungulia.

"Sister! Unamloweka mzungu kwenye bakuli langu la kachumbari?"

"Nitaliosha."

"Ataiva saa ngapi? Nimwekee kitunguu?"

"Usipumulie maji."

"Eh, nnyabo, sasa hata pumzi ni kosa." Lakini aliacha kisu, akavuta kiti, akakaa kando yangu. Sikumwomba.

Kwanza maji yakapata rangi ya chai hafifu. Kisha ukingo wa karatasi nyeusi ukainuka wenyewe. Nilibadilisha maji, nikasubiri tena, nikainyanyua kadi na chandarua chake, nikaigeuza. Kwa kibano nikashika ukingo wa kushoto, nikavuta sambamba na kadi, polepole. Karatasi nyeusi ikaja. Chini yake palikuwa na weupe, halafu mwanzo wa neno la chapa: mstari ulionyooka, umesimama wima.

Niliacha kuvuta. C haina mstari wa wima. V haina. Nilijua kabla herufi haijafunuka yote.

"Nini?" akauliza mwenzangu. "Imekufa?"

"Imezaliwa," nikasema, na sauti yangu haikuwa ile ya kazini.

Nikavuta kilichobaki. R ikatoka nzima, na neno likaifuata, na tangazo lote, wino wake mkali kana kwamba ile karatasi nyeusi ilikuwa imelilinda muda wote. Mwenzangu hakujua R ni nini wala T215 ni nini, lakini aliona uso wangu, akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Akanishika mikono, tukazunguka jikoni, maganda ya ndizi chini ya miguu yetu.

Niliikausha kati ya karatasi za kufyonza, chini ya mfuko wa mchele wa basmati, nikizibadilisha karatasi mpaka zikatoka kavu. Kisha nikaipeleka dukani, nikaiweka mezani mgongo juu.

Mzee alichukua lenzi. Alisoma herufi moja moja kama mtu anayesoma jina la mtoto kwenye matokeo ya mtihani. Akaigeuza, akatazama jina la buluu, akaigeuza tena.

"Uji uko wapi, Mzee wangu?"

"Uji nshakunywa mie," akasema. "Mtamu, wallahi."

Mteja aliyekuwa akichagua stempu akaitwa aje aone. Yule bwana hakuelewa neno, akaambiwa tena kwa Kiarabu, na mara ya tatu kwa Kiingereza, na kila lugha ilinipandisha cheo: mteja, mwenzake wa kazi, mwalimu wake. Sikumkatiza.

Albamu nilikuwa nayo. Nilifungua ukurasa wa ukoo pale pale, nikatelezesha kadi kwenye mfuko wa nne, mgongo ukitazama mbele.

"Umemgeuza mtu ukutani," mzee akasema.

"Ajifiche kidogo. Leo nataka kusoma tangazo la tumbaku."

Nikalisoma kwa sauti, kuanzia juu hadi neno la mwisho, na wale wawili wakanisikiliza.