Mjane Aliyepanda Kondoo Kinyumenyume

Siku hizi watu wa Hatherwick wanapenda kusema kwamba Tamsin Pardoe alikuwa mjane mpole. Uongo mtupu. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na huo upole sikuuona. Huruma alikuwa nayo, tena huruma yenye meno.

Mumewe, fundi wa magurudumu, alikufa akamwachia nyumba ya mawe. Kwa desturi yetu mjane hukaa humo maadamu haolewi wala hana mwanamume. Akiteleza, nyumba inakwenda kwa ndugu wa marehemu, na hata lodi mwenye ardhi hawezi kuibadili desturi hiyo. Tamsin aliijaza wagonjwa wa homa na wasichana waliofukuzwa kazi majumbani kwa mimba za mabwana zao. Kasisi aliponung'unika, alimwambia alete kuni.

Shemeji yake Jabez, msaga unga, aliitolea macho nyumba ile. Alikwenda kulalamika kwa Lodi Averill, mwanamume wa makamo aliyekinai kila kitu: London, kamari, wanawake, hata farasi wake. Lodi akaja kutazama. Tamsin alimfungulia mlango akiwa na beseni la matapishi.

"Kamwage."

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua, Bwana Mkubwa. Shimo liko nyuma."

Akamwaga. Kesho yake akarudi, na keshokutwa pia. Nilimwona jikoni akimenya viazi mpaka vikabaki kama kokwa, uso wake umechangamka kama wa mtu aliyetoka kifungoni. Alishapenda, maskini, na Tamsin naye alishaanza kuchana nywele kabla ya saa nne. Lakini naapa hapakuwa na zaidi ya viazi. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba, na masikio yangu si mabovu.

Jabez akamshtaki barazani kwamba ana mwanamume. Njia ya mjane kujiokoa ni moja tu: apande kondoo dume mweusi kinyumenyume, ashike mkia, aingie barazani akikiri dhambi yake mbele ya watu. Akikiri, nyumba anarudishiwa. Akikana, wazee wanaamua, na wazee wetu wote walikuwa wakila mkate wa Jabez.

Siku hiyo uwanja ulifurika. Lodi Averill akainuka kitini.

"Mama huyu hana kosa. Na mimi namwoa leo hii, maneno yaishe!"

Tamsin alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa anayetema dawa.

"Nikiolewa si nyumba inakwenda vilevile? Na wagonjwa wangu niwaweke wapi, mfukoni mwako?"

"Waje kwenye jumba langu."

"Wasichana wangu wawili wamefukuzwa huko huko kwako. Kaa chini, Peregrine."

Lodi mzima kuitwa jina lake la utotoni hadharani! Alikaa, amewiva uso. Nilitaka kupiga makofi.

"Mleteni huyo kondoo," Tamsin akasema.

"Panda, shemeji, panda!" Jabez akacheka. "Shika mkia vizuri usije ukaanguka!"

Akapanda, kichwa juu, bila kujifunika uso. Kondoo akagoma. Watu wakaangua kicheko, mpaka Averill alipoinuka tena, akamshika kondoo pembe na kumvuta mwenyewe hadi katikati ya baraza, viatu vyake vya London vikizama kwenye mavi. Kicheko kikakatika.

"Haya, nimekiri," Tamsin akasema. "Nyumba ni yangu?"

Mzee wa baraza akaitikia. "Ni yako, mama."

"Mmesikia wote? Basi sikilizeni. Adhabu nimeshaitumikia, na kosa lenyewe sijalifanya. Mnanidai kosa moja." Akateremka, akakung'uta sketi. "Peregrine, leo chakula cha jioni ni kwangu. Upite mlango wa mbele."

"Nitakushtaki tena!" Jabez akapiga kelele.

"Nishtaki. Kondoo yupo, na njia nimeshaijua."

Averill alikuja jua lingali juu, na chupa ya mvinyo kwapani, akabisha hodi kijiji kizima kikitazama. Hawakuoana maisha yao yote, wala hakuna mgonjwa aliyekosa kitanda.