Zamani, Wenyeji Waliamini

Romana alikuwa mkulima wa mihogo na ufuta karibu na Rutamba, mpaka alipoitwa kwenye mafunzo ya siku tatu akarudi na fulana ya kijani: mwongoza wageni kamili! Kazi yake ni kueleza kaburi la mawe lililo nyuma ya mashamba, ambalo wazee wanaliita kwa Bibi. Karatasi ya mafunzo ilimtaka aseme hivi: "Zamani, wenyeji waliamini kwamba kaburi hili huleta watoto."

Zamani ipi? Romana mwenyewe alimpata binti yake Jenipher kwa kuomba hapo hapo. Jioni alimwaga unga wa mtama kando ya kaburi ukasimama kama kichuguu, asubuhi akaukuta umesimama vilevile, maana yake Bibi aliyelala humo kakubali. Ungekutwa umetawanyika, angekuwa amekataliwa. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani kama kawaida. Sasa kila akifika kwenye neno "zamani" ulimi unamnata, hajui anamsema nani.

Alhamisi walitarajiwa walimu kutoka mji wa Mtama. Romana aliwahi kufagia, na kando ya kaburi akakuta unga, umechongoka vizuri. Kibao kilichowekwa kwa ajili ya wageni kinakataza mtu kuacha kitu chochote pale. Alizunguka kaburi mara mbili na fagio mkononi, amtii Bibi au kibao? Mwishowe akaufagia.

Walimu walipokuwa wakisikiliza maelezo, akatokea Jenipher, mwenye miaka saba ya ndoa bila mtoto. Hata shikamoo hakutoa. Aliinama kutazama kando ya kaburi, akainuka machozi yakimlengalenga. Hapo ndipo Romana alipojua unga ulikuwa wa nani.

"Mama," mwalimu mmoja akauliza, "na siku hizi je, wapo wanaokuja kuomba?"

Hilo halikuwa kwenye karatasi.

"Wapo," alisema Romana, akimtazama mwanawe. "Leo nimekuta unga. Ulikuwa umesimama, haukupungua hata kidogo. Nimeufagia mimi."

Walimu wakaandika kwenye madaftari yao.

"Najua ni wewe, mama," alisema Jenipher taratibu. "Nani mwingine anafagia hapa? Lakini Bibi angekuwa amenikubalia, angekuacha ushike fagio?"

Walimu waliinua kalamu, wakisubiri mwongoza wageni awaeleze.