Gari la mume wangu lina viti viwili, na mama yangu hawezi kukaa karibu naye

Naomba mnifichie jina, ingawa mume wangu akisoma hapa atajijua tu. Mimi ni dada wa miaka 26, naishi Mkonze, Dodoma, nina miezi mitano kwenye ndoa. Jamani, nimeolewa nikapendwa! Mwanaume ananichemshia maji ya kuoga, akipiga simu mchana anasema hana shida, alitaka kusikia sauti yangu tu. Hadi naogopa kusimulia, nisije nikajitia kijicho mwenyewe.

Mume wangu ni mtu wa Tanga. Ana gari la spoti, jekundu, la chini, viti viwili tu. Alijinyima miaka mingi akamaliza kulilipia kabla hatujajuana. Ndilo alilonichumbia nalo. Tulikuwa tukishika barabara ya Kondoa jioni, vioo chini, nywele zangu zimejaa vumbi na mimi nacheka tu.

Shida ilianza mama yangu alipokuja kutoka Chemba kutibiwa macho. Amefikia kwa mama mdogo, Majengo. Kila Jumanne ana kliniki, na daktari kamkataza vumbi. Mume wangu, kwa moyo wake mweupe, akaomba ruhusa kazini akamfuata. Akamfungulia mlango.

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

"Marahaba, baba. Tangulia tu, mimi nakuja na bajaji."

Akambembeleza, akataka hadi kumshika mkono. Mama akarudi nyuma, akajifunika khanga usoni, akasimamisha bajaji. Na upepo wa Dodoma mnaujua. Jioni macho yake yalikuwa mekundu kama nyanya.

Mume wangu alirudi amenuna. "Mama yako ananiona mhuni kwa sababu ya gari?"

Sikujua nicheke au nilie. Kosa ni langu. Sikuwahi kumwambia kwamba kwetu mkwe hakai bega kwa bega na mama mkwe, sembuse kumshika mkono. Mama angekaa kiti cha nyuma yangeisha, lakini nyuma yenyewe haipo!

Nilipomweleza akasema, "Basi tuliuze, tuchukue la milango minne." Kapata dalali mwenye gari la kubadilishana. Lakini juzi nilimchungulia dirishani akiliosha. Alipomaliza aliingia ndani yake, akakaa muda mrefu, hata hakuliwasha. Nilimhurumia, moyo ukaniuma.

Nikampigia mama nikidhani atafurahi. "Weee! Umeolewa juzi, leo umuuzishe mwanaume gari lake kwa macho yangu haya mabovu? Likiuzwa, kwenu sikanyagi!" Teksi nayo hataki, anasema bajaji hupanda kila mtu, lakini akionekana kwenye teksi watu watamsema mkwe wake kwamba ana gari na anamnyima.

Mtasema nijifunze kuendesha nimpeleke mwenyewe. Nilijaribu. Ukuta wa jirani ni shahidi.

Dalali anakuja Jumamosi, na mume wangu kaniachia mimi. "Utakalosema, mke wangu, ndilo hilo hilo." Nikisema liuzwe, naogopa iko siku atanitazama kama mtu aliyemnyang'anya furaha yake, na mama atakuwa amenisusia. Nikisema libaki, mama ataendelea kula vumbi kila Jumanne mpaka macho yafe kabisa, na mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti ambacho angekaa yeye.

Ninyi mliotangulia kwenye ndoa, nishaurini. Nimjibu nini mume wangu?