Mama Ariane Aliniambia Nimsafishie Picha

Nilimpoteza mtoto wa mwenzangu nikiwa nimekaa kwenye kiti, Skärholmen huku Uswidi, na kikombe cha kahawa pembeni.

Sikumwiba. Nilimsafisha.

Tulieni, wajukuu, niwaeleze.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka sitini na moja, na darasa la tano la Butembo kichwani. Mama wa ofisi ya kazi akaniuliza najua nini. Nikamwambia najua kudarizi maua kwenye vitambaa. Akafurahi, akabofyabofya. Wiki iliyofuata niko kwenye kozi ya michoro ya kompyuta, katikati ya vijana wenye pete puani.

Walidhani nimekuja kudeki. Nikawaacha wadhani hivyo mpaka nilipovuta kiti.

Basi nikajifunza. Kumkata mtu kwenye picha bila kumpunguzia sikio. Kupanga picha tabaka juu ya tabaka kama chapati. Na kile kimuhuri: unachukua ngozi safi ya hapa, unagonga pale penye doa, doa linakufa.

Ila nilichokipenda kuliko vyote ni kitufe cha kurudisha ulichokosea. Kwa Kiswidi kinaitwa ångra. Maana yake kujuta.

"Mwalimu," nikauliza, "hapa mtu anajuta kwa kidole tu?"

Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka.

Nyumbani, mtaa wa Norsborg, nilipakana na Spéciose, Mrundi. Tulimwita Mama Ariane, ingawa Ariane mwenyewe hakuna aliyemwona. Alipotea vitani mwaka 1996, ana miaka minne. Mama yake akafika Kigoma peke yake, akakaa kambini miaka tisa kabla ya kuletwa huku. Alibaki na picha moja ya mtoto, imekunjwa mara nne.

Siku moja akagonga mlango, anahema.

"Mama Kahindo, kuna katekista Uvira, anaitwa Anicet. Analea binti wa miaka kumi na saba, anayemtafuta mama yake, Spéciose. Huyo katekista anataka aone picha kwanza. Nisafishie hii, umtumie."

"Hilo tu? Lete."

Nikaenda nayo kwenye kozi, nikaiingiza kwenye kompyuta. Nikaisafisha mikunjo. Nikasafisha madoa ya maji. Chini ya jicho la kushoto kulikuwa na baka jeusi. Nikaligonga kimuhuri, likaisha. Mtoto akang'aa kama wa kwenye kopo la maziwa! Nikamtumia Anicet, nikarudi na treni najipongeza.

Siku ya tatu jibu likaja.

"Huyu siye. Binti wetu ana baka chini ya jicho la kushoto. Nimeshamwambia. Amelia sana."



Mnajua nilifanya nini? Nilidanganya. Mama Ariane aliponiuliza, nikasema mtandao wa Uvira mbovu. Wiki nzima. Akinipigia, simpokei. Nikimsikia kwenye ngazi, nazima redio.

Jumapili nikashindwa. Nikaenda kwake na ile picha na jibu la Anicet.

Alinisikiliza amesimama.

"Umemfuta mwanangu?"

"Ulisema nisafishe, dada."

"Kusafisha picha ni kutoa nakala, Mama Kahindo! Kigoma nzima wanajua!"

Kwetu Butembo hatusemi hivyo. Kwetu ni kutoa foto. Kusafisha ni kusafisha, kama sufuria.

"Na hilo baka, mbona hukuniambia?"

"Sikumwambia mtu. Watu wameshanidanganya mara mbili kwa mabinti wasio wangu. Nilisema baka ndilo litakalosema kweli."

Nikamtumia Anicet picha vile ilivyo, na mikunjo yake.

Akajibu siku hiyohiyo: binti ameondoka. Alipoambiwa hana mama, akaenda kutafuta kazi, hakusema wapi.

Miezi minne Mama Ariane hakunisalimu. Tukikutana kwenye lifti, anashuka. Msinione nacheka, wajukuu. Miezi ile sikucheka.

Mwishowe watu wa Anicet wakampata binti, Bukavu.

Mama Ariane akaja mlangoni. "Sina kompyuta," akasema. Basi. Akaingia.

Skaipu ikakwama, ikafunguka. Binti mzuri, amejipamba, amepaka poda. Uso laini, hauna hata alama.

Mama Ariane akaziba mdomo. "Siye," akaniambia kwa sauti ndogo. "Tena siye."

Akanyanyuka. Nikamshika mkono kwa nguvu, mimi bibi mzima.

"Binti," nikasema, "umejipodoa?"

"Ndiyo, bibi. Nilitaka mama anione nimependeza."

Mama Ariane akarudi kwenye skrini.

"Jisafishe uso, mwanangu."

Binti akachukua pembe ya kitenge, akailowesha mate, akafuta. Chini ya jicho la kushoto, taratibu, baka likajitokeza.

Kelele za yule mama zilisikika mpaka Hallunda, mtaa wa pili.

Mimi nilienda jikoni, eti kuchemsha maji.

Kozi ilinipa cheti, kipo ukutani. Kitufe cha kujuta kimebaki kwenye kompyuta. Majuto ya watu inabidi uyabebe kwa miguu mpaka mlangoni kwa mwenzio, na nilichelewa wiki.

Siku hizi mtu akileta picha aniambie nimsafishie, nauliza kwanza: uchafu ni upi, na mtu ni yupi?

Juzi kijana mmoja jirani, Onésime, kaleta picha yake ya harusi, anataka nimtoe kitambi.

Nikamwambia, "Mwanangu, siku ukipotea tutakutambuaje?"