Umri wa kwenye game ulinifanya nimkate Mama Venantie kwenye mafunzo

Bakuu wote, nawasalimu kwa heshima. Mi ni bibi wa bajukuu tisa, niko hapa Dzaleka, Malawi. Shule niliachia darasa la tatu, mutanivumilia. Ninayoandika yalinitokea mwenyewe, na hata sasa yananifunga mdomo mbele ya bantu.

Naona munabishana kama mchezaji wa miaka 30 bado anafaa kupewa training. Basi acheni bibi aseme.

Nilivunjika mguu, nikakaa ndani miezi miwili. Mjukuu wangu Neema, mwenye kuuza nguo soko la Chinsapo, akaniwekea mu simu game ya kuongoza timu ya mpira. We njo kocha: unapanga mazoezi, unanunua, unauza.

Kusoma kunanisumbua, lakini namba najua. Na jina la mutu nikilisikia mara moja, halitoki. Wachezaji wangu wote nilibashika kichwani, na miaka yao.

Nikaona haraka namna inaenda.

Wa miaka 18, unamupa mazoezi kidogo, anapanda mbiombio. Wa 24 anapanda polepole. Wa 29 anasimama. Akifika 32, unamwaga maji kwenye mchanga: kila msimu anashuka, na mbio njo inaanza kwisha.

Nikauza wazee wote. Hata kipa wa miaka 34, nikaweka wa 19. Tukafungwa mechi sita.

Kumbe kipa anachelewa kuzeeka! Kazi yake ni macho na akili, si mbio. Lakini hiyo nilikuja kuijua nimekwisha kuharibu kitu kingine.

Sikieni sasa.

Hapa kambini tuko na kikundi cha bamama wa kushona, mi njo prezidante. Mwalimu mumoja wa Nsungwi, kule Lilongwe, akatupa nafasi tano za kujifunza mashine ya kupiga pindo, ile ya umeme. Atakayejua, anaingia kushona yunifomu za shule. Ni kazi ya kweli, si ya kubahatisha.

Bamama kumi na mbili wakataka. Wakaniletea karatasi zao za ukimbizi, nichague.

Mi nikachagua kama kocha. Nikaangalia miaka tu. Chantal 19, ndani. Odette 22, ndani. Nikaendelea hivyo mpaka tano wakatimia.

Venantie Nabintu, karatasi inasema 61. Nikamupita.

Sasa aibu yangu iko hapa. Venantie hana miaka 61. Siku tuliyoandikishwa ukimbizi hapa, mi nilikuwa nyuma yake kwenye mstari. Mwaka wa kuzaliwa hakuujua. Alikuwa ametoka kuzika bwana yake njiani, uso umekauka. Mwandikaji akamuangalia usoni, akaandika. Alimuongezea kama miaka kumi na mbili.

Mi nilisikia. Tena nilicheka, nikamuambia, "Dada, leo umekuwa mama yangu."

Kwenye game umri haukosei. Huku kwetu, asiyejua siku yake anaandikiwa tu, kwa karatasi karibu sisi wote tumezaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza, na bado mi nikaamini karatasi.

Na Venantie njo fundi kutuzidi wote. Bukavu alishona nguo za harusi. Hakulalamika. Alichukua karatasi yake mezani, akasema zikomo, asante ya huku, akaenda.

Siku ya ine ya mafunzo, Chantal akarudi. Alisema mashine inamutia woga na nsima, ugali wa kule, haina chumvi. Mwalimu akapiga simu: nafasi iko wazi, lete mwingine kesho.

Nikaenda kwa Venantie na fimbo yangu. Nilimukuta anashona foronya kwa mkono. Akanipa kiti. Nikamueleza yote, hata mambo ya game. Hapo akacheka kidogo.

"Kwa hiyo mi nilikuwa mchezaji wa kuuza?"

Akakata uzi kwa meno. "Mama Prezidante, yule mwandikaji alikuwa hanijui, nilimusamehe siku ileile. We unanijua. Miaka aliyoandika yeye ilikuwa kwenye karatasi tu. We njo uliyeiweka kwenye mwili wangu."

Niliomba tu pardon.

Asubuhi alienda kwenye mafunzo. Nilimusindikiza mpaka kwenye kabaza, nikataka kumubebea mfuko. Akaushika mwenyewe, akapanda nyuma ya baiskeli, akamuambia kijana waende.

Leo njo anafundisha wale vijana wane. Ananisalimia vizuri, kama vile unamsalimia mgeni.

Bakuu, kwenye game wapeni vijana mazoezi, ni kweli wanapanda haraka. Kipa musimuuze mapema. Lakini mutu ukiwa unamujua, usisome miaka yake kwenye karatasi kwanza. Angalia mikono.

Nauliza wenye kujua: mutu akikusamehe kwa mdomo lakini haji tena kwako kuomba chumvi, unafanya nini? Niandikieni hapa. Neema ananisomea, lakini yenu nitajaribu kusoma mwenyewe.