Bibi Alivyonisindikiza Chuoni

Mwalimu mkuu aliponiita ofisini, nikiwa mwaka wa pili wa sekondari, nilijua nimekosa jambo. Kumbe ilikuwa barua. Serikali inawachukua wanafunzi wachache wa sekondari wakasome somo la kompyuta chuoni, Khuwair, mara mbili kwa wiki baada ya skuli. Ada inalipa serikali yenyewe, na ukifaulu, somo linahesabiwa siku utakapoingia chuo. Inatakiwa saini ya mzazi tu, na usikose kipindi.

Nyumbani kwetu Bawshar, katika nchi ya Kiarabu, barua ilisomwa kwa Kiarabu, ikaelezwa kwa Kiswahili, ikabishaniwa kwa vyote viwili. Baba alisitasita. Chuoni kuna watu wazima, na mimi nna miaka kumi na sita.

Bibi, mamake Baba, mzaliwa wa Unguja, alikuwa akichambua mchele.

"Serikali inalipa yote?"

"Yote, Bibi."

Akamgeukia Baba. "Na wewe unakataa? Mimi nilitolewa skuli darasa la nne kwa kuwa hapana wa kunipeleka. Huyu anaye. Nitakwenda naye mimi."

Baba akatia saini.

Siku ya kwanza Bibi alikaa safu ya nyuma na chupa yake ya chai ya tangawizi. Nilitamani sakafu inimeze. Mwalimu, Msudani mpole, akamuuliza, "Hajja, nawe umeandikishwa?"

"Nimekuja na mwanafunzi wako. Jifanye hunioni."

Wiki ya tatu hakuna aliyeweza kujifanya hamwoni. "Mwalimu," aliuliza, "hicho kipanya nikikiinua juu ya meza, mshale unakwenda wapi?" Sote tulicheka, kisha tukamgeukia mwalimu, maana hatukujua. Mwalimu akakifungua kipanya kimoja, akatuonyesha kigololi kilicho ndani, kinavyobingirika mezani na kuusukuma mshale.

Siku moja akaja afisa kukagua viti vilivyolipiwa. Alihesabu, akahesabu tena.

"Serikali imelipia kumi na wawili. Nawaona kumi na watatu."

Bibi akasimama. "Wa kumi na tatu ni mimi, mwanangu. Sijalipiwa, na mashine sizigusi. Nnaangalia tu."

Uongo mtupu. Alikuwa akizigusa tangu wiki ya pili. Mwalimu alitazama dirishani.

"Utaratibu hauniruhusu, mama," alisema afisa. Bibi akachukua chupa yake, akaelekea mlangoni. Hapo mimi, niliyekuwa nikimwonea haya, nikajikuta nimesimama.

"Akitoka yeye, Baba hataniachia nije. Kiti mlichokilipia kitabaki kitupu."

Afisa aliisoma karatasi yake upya. Kisha akatoa kalamu, akaandika pembeni neno moja: msindikizaji. "Kaa, mama," akasema. "Lakini maswali yasizidi."

Yalizidi.

Nilifaulu. Miaka miwili baadaye, nilipoingia chuo, somo lile nilisamehewa, na wenzangu walipokuwa wakifundishwa kufungua faili mimi nilikuwa mkahawani na sambusa. Bibi hakupewa cheti, ila mwalimu alimruhusu kuchapa barua kwenda kwa mdogo wake, Unguja. Nusu ukurasa, vipindi vinne, kwa kidole kimoja.

Mdogo wake alipoipata, akapiga simu. "Nani kakupigia chapa?"

"Nimepiga mwenyewe."

"Mwongo we!"

Bibi alicheka mpaka akanipa mimi simu, niape kwa niaba yake.